Mwongozo kamili: Kupaka dawa za heparini kwenye mshipa uliovimba, uvimbe na damu iliyovilia

Watu wanarudi kaunta na tyubu ya heparini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ikiwa nusu, wamenuna, eti "hii dawa yenu ni maji tu." Ukiuliza walipaka vipi unakuta mmoja alikuwa anaukanda mshipa unaouma kama unga wa chapati, mwingine aliipaka ndani ya kidonda, mwingine alipaka siku mbili akaacha, na mwingine, huyu ndo anatutisha sana, alikuwa na mguu mmoja umejaa mpaka pajani na hakuhitaji dawa ya kupaka hata kidogo, alihitaji kupelekwa hospitali siku ileile.

Jambo la kushika kabla ya yote: heparini ni molekuli kubwa, na ngozi haiipitishi kirahisi. Kiasi kidogo kinachopenya kinafanya kazi pale pale chini ya ngozi, hakifiki mbali. Kwa hiyo inasaidia shida za juu juu: mshipa unaouona au kuugusa, uvimbe mdogo wa kugongwa, damu iliyovilia. Na inachofanya zaidi ni kupunguza maumivu na uvimbe wakati mwili wenyewe unajitengeneza. Bonge la damu lililoko ndani ya mguu haliguswi na tyubu hata ukimaliza tano.

## Vitu vya kuandaa

Weka vyote mezani kwanza ndo uanze.

- Tyubu yenyewe. Kwenye boksi tafuta neno heparini au heparinoidi, yaani dawa inayofanana na heparini. Majina yanayojulikana ni Lioton, Thrombophob na Hirudoid, lakini jina la biashara si kitu, soma kilichomo.
- Sabuni ya kawaida, maji safi na kitambaa laini.
- Futi ya fundi cherehani, ile wanayovaa shingoni. Omba ya jirani kama huna.
- Biro.
- Simu yenye kamera.
- Mito miwili au blanketi nzito la kukunja.
- Barafu, au maji baridi sana ndani ya kavera (mfuko wa plastiki), pamoja na kitambaa cha kuifunga.
- Panadol ya maumivu. Aspirini iache, inazuia damu kuganda na kwenye sehemu iliyovilia hutaki hilo.

Nguvu ya dawa inaandikwa kwa yuniti kwa kila gramu. Kuna za 50, za 200 na za 1000. Zile za 50 mara nyingi zimechanganywa na kitu cha kupasha ngozi joto, kwenye boksi utaona neno linaloanza na "benzyl", na ukipaka utasikia joto na ngozi kuwasha kidogo. Hiyo ni kazi yake, si sumu, ila ina masharti yake nitayasema mbele. Heparinoidi zenyewe zinaandikwa kwa asilimia, mfano Hirudoid ni 0.3.

Nunua famasi yenye cheti cha NDA, mamlaka ya dawa ya Uganda, ukutani, siyo kwa yule anayepanda basi pale paki na begi la dawa akiimba kwamba tyubu moja inatibu presha, mgongo na nguvu za kiume. Angalia tarehe ya mwisho, na kama mdomo wa tyubu ulishatobolewa rudisha.

Halafu usichanganye hii na mafuta ya kuchua misuli, yale yanayonuka mentholi. Tyubu zinafanana, rafu ni moja, na watu wengi wanabeba isiyo yao.

## Hatua ya 1: Hakikisha shida iko juu juu

Hatua hii ndo ndefu kuliko zote na ndo watu wanairuka. Ukikosea hapa, zingine zote hazina maana.

Shida zinazofaa kupakwa. Ya kwanza ni mshipa uliovimba baada ya kanula, kile kimrija cha dripu kinachoachwa ndani ya mshipa. Mtu alilazwa na malaria kali, akachomwa atesuneti ya mshipa, au akawekewa dripu ya antibayotiki siku kadhaa, karudi nyumbani na mkono una kamba ngumu inayouma kuanzia pale sindano ilipoingia ikipanda juu. Ya pili ni mshipa wa verikosi mguuni, ile mishipa ya kujikunja, sehemu yake moja imeanza kuuma na kuwa ngumu, ingawa ya mguu ina mipaka, soma mpaka chini. Ya tatu ni damu iliyovilia baada ya kuanguka au kugongwa, ngozi ikiwa nzima.

Tumia mgongo wa mkono, siyo macho tu. Vipeperushi vya dawa vinasema angalia wekundu. Kwa ngozi zetu nyeusi wekundu mara nyingi hauonekani, unachokiona ni sehemu kuwa nyeusi zaidi au kung'aa, na saa zingine huoni kitu kabisa. Weka mgongo wa mkono wako pale panapouma, kisha upande wa pili sehemu ileile. Tofauti ya joto utaisikia mara moja. Halafu pitisha kidole polepole bila kukandamiza: mshipa wenye shida unakuwa kama waya wa simu uliolala chini ya ngozi, una mwanzo na mwisho. Chora mwanzo na mwisho wake kwa biro.

Pima huo mstari. Ukiwa mguuni na unafika sentimita 5 au zaidi, au uko karibu na kinena, usijitibu na tyubu peke yake. Hapo bonge linaweza kuingia kwenye mishipa mikubwa na madaktari wengi watataka kukupiga picha ya ultrasaundi, pengine wakuanzishie sindano au vidonge vya kuzuia damu kuganda. Mkononi baada ya kanula hatari iko chini zaidi, lakini sheria ya homa na usaha, utaiona Hatua ya 4, iko palepale.

Pima na miguu. Kama shida iko mguuni, kaa goti likiwa limekunjwa, tafuta kile kifundo cha mfupa chini kidogo ya goti, shuka sentimita 10, weka alama, zungusha futi bila kubana. Fanya miguu yote miwili. Mguu mmoja ukizidi mwenzake kwa zaidi ya sentimita 3, weka tyubu chini utafute usafiri. Namba hii ni moja ya vitu ambavyo madaktari wanahesabu wakishuku bonge la damu kwenye mshipa wa ndani.

Zidisha wasiwasi kama umetoka kujifungua, una mimba, umefanyiwa upasuaji karibuni, umekaa na plasta ya mfupa, umelala kitandani siku nyingi, una saratani, unatumia vidonge vya uzazi wa mpango vyenye estrojeni, au umetoka safari ndefu umekaa tu, kwa mfano madereva wa trela wanaotoka Mombasa mpaka Elegu, mpakani na Sudan Kusini, na kulala kwenye kiti. Na kama pumzi inakata, kifua kinachoma ukivuta hewa, au unakohoa damu, hiyo ni emajensi, bonge linaweza kuwa limeshafika mapafu. Usiende kiliniki ya jirani "kuangaliwa", nenda hospitali kubwa moja kwa moja.

Vituo vya afya vya daraja la tatu mara nyingi havina mashine ya kuangalia mishipa, kwa hiyo ukishapata zile dalili elekea hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, Mbale, Arua, Gulu, Mbarara, Fort Portal, popote ulipo. Kupoteza siku mbili unazunguka vituo vidogo kunagharimu.

Uvimbe usiohusiana na dawa hii kabisa. Miguu yote miwili ikivimba kwa pamoja, ukibonyeza kidole kinaacha shimo, fikiria moyo, figo, ini au mimba. Mama mjamzito anayevimba uso na mikono huku kichwa kinauma na macho yanaona ukungu aende leo, si kesho. Mguu uliovimba miaka na ngozi imekuwa ngumu inaweza kuwa matende, au ile ya watu waliolima peku kwenye udongo wa volkano, inaonekana sana miteremko ya Mlima Elgon na kule Kamwenge. Hapo kinachosaidia ni kuosha miguu, viatu na matibabu ya kituo. Mtu wa siko seli anayeumwa na kuvimba mguu naye asijitibie kaunta. Na nyoka akikuuma, tafadhali, nyoka ni nyoka, sumu nyingine zinaharibu mgando wa damu na wewe unataka kuongezea dawa ya kuzuia mgando?

Kugongwa kwa nguvu. Umeanguka na boda, goti limevilia, sawa, endelea na mwongozo. Lakini ukigonga kichwa, ukavilia tumboni au ubavuni upande wa kushoto, nenda kapimwe hata kama unajisikia mzima. Wengu ndiyo iko huko kushoto, na malaria huifanya iwe kubwa na rahisi kupasuka. Na mtu anayevilia bila kugongwa popote, fizi zinatoa damu, au ana homa pamoja na kutokwa damu, huyo ni wa hospitali.

*Umefaulu hatua hii kama:* unaweza kusema kwa sentensi moja shida iko wapi, ilianzaje, urefu gani, na ngozi juu yake haijapasuka. Piga picha ukiwa umeweka futi pembeni.

## Hatua ya 2: Jiulize kama dawa inakuhusu wewe

Mwambie musawo (mhudumu wa afya) wa famasi kabla hajakuuzia kama unatumia wafarini, rivaroksabani au dawa nyingine ya kuzuia damu kuganda, kama una himofilia (ugonjwa wa damu kutoganda) au platileti, chembe za kugandisha damu, ziko chini, kama uliwahi kupata mzio wa heparini au kuambiwa heparini ilishusha platileti zako. Ukiwa umeshapata hilo la mwisho, usiiguse tena kwa namna yoyote, hata ya kupaka. Mimba na kunyonyesha, uliza kwanza, na ukinyonyesha usipake kwenye matiti. Watoto wadogo, hasa chini ya miaka 5, mpaka daktari aseme.

Kuna swali ambalo watu wanaona haya kuuliza kaunta kwa hiyo nalisema hapa. Heparini sehemu kubwa duniani inatolewa kwenye utumbo wa nguruwe. Heparinoidi zingine zinatoka kwa ng'ombe. Kama wewe ni Mwislamu na jambo hili linakusumbua, uliza famasi wakusomee karatasi ya ndani, na umuulize sheikh wako kuhusu dawa ya kupaka. Pia kuna jeli ya diklofenaki ambayo haitoki kwa mnyama na inapunguza maumivu ya mshipa wa kanula vizuri tu, ila wenye vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo, pumu inayoamshwa na aspirini au mimba waulize kwanza.

*Umefaulu kama:* hakuna swali hapo juu ulilolijibu "sijui".

## Hatua ya 3: Jaribu kidogo

Paka tone dogo sehemu ya ndani ya mkono, karibu na kiwiko, uache mpaka kesho saa hizi. Ndani ya krimu kuna vihifadhi na manukato, na mara nyingi ndivyo vinavyoleta mzio. Kuwashwa kidogo na joto kwa zile zenye kupasha ni kawaida na kunaisha. Vipele, malengelenge, au ngozi kuvimba pale pale, hiyo tyubu si yako.

## Hatua ya 4: Ondoa chanzo, na upoze kama ni ya kugongwa

Kama ni kanula na bado iko mkononi, mwite musawo aitoe na kama dripu bado inahitajika aweke mkono mwingine. Kupaka dawa huku kanula inaendelea kuchokoza mshipa ni kupoteza hela. Ikishatolewa, subiri tundu lifunge, kama siku moja hivi, na hata hapo usipake juu ya tundu. Tundu likitoa usaha, au una homa na baridi, au mstari unapanda haraka kuelekea kwapani, mshipa umeingia wadudu na unataka antibayotiki.

Kama ni kugongwa, masaa 24 mpaka 48 ya mwanzo ni ya baridi. Funga barafu kwenye kitambaa, weka dakika 10 mpaka 15, toa, rudia baada ya masaa mawili au matatu. Barafu tupu juu ya ngozi inaunguza. Sababu ya kusubiri na tyubu ni kwamba vimishipa vidogo bado vinavuja, mwili unajaribu kuviziba, na wewe ukileta dawa ya kuzuia kuziba, tena yenye kupasha joto, unavipa ruhusa viendelee. Hapa wengi wanakosea kwa sababu wanataka kuonekana wamefanya kitu haraka.

*Umefaulu kama:* uvimbe umeacha kuongezeka. Chora mpaka wake kwa biro usiku, ukiamka asubuhi uangalie umevuka au la.

## Hatua ya 5: Paka

Nawa mikono. Osha sehemu kwa sabuni na maji ya vuguvugu, kausha kwa kugusagusa, usisugue. Kama ulishapaka vaselini, moo yaa (mafuta ya shea) au mafuta mengine asubuhi, yatoe yote kwanza, kwa sababu dawa itabaki imeelea juu yake.

Kamua mstari wa dawa wa sentimita 3 mpaka 5 kwa sehemu kama ya mkono chini ya kiwiko. Sehemu ndefu zaidi unaweza kufika sentimita 10. Zaidi ya hapo haiongezi nguvu, inaongeza kuchafua mashuka.

Sasa angalia unachotibu, maana namna ya kupaka inatofautiana:

Mshipa unaouma. Weka nukta ndogo ndogo kwenye mstari wa mshipa, kisha kwa ncha ya kidole kimoja zieneze mpaka upana wa kama vidole viwili kila upande. Mkono uwe mwepesi, ngozi isisogee chini ya kidole. Ngozi ikisogea ujue unakandamiza. Ukikandamiza mshipa wenye damu iliyoganda unaongeza maumivu, na bonge linaweza kukatika likasafiri. Kwa hiyo ile tabia ya kumwita dogo "njoo unichue hapa" sahau kwa wakati huu.

Damu iliyovilia, baada ya siku mbili za baridi. Hapa unaweza kuzungusha kidole taratibu mpaka dawa iingie, ukianzia pembeni ukija katikati. Ikiuma, punguza.

Kote kote, simama kama sentimita 2 kabla ya mchubuko, kidonda, au ngozi iliyopasuka. Isiingie machoni, mdomoni, sehemu za siri wala njia ya haja kubwa. Najua kuna wanaopaka kwenye bawasiri kwa sababu wameambiwa "nayo ni mshipa", lakini hizi tyubu za ngozi hazikutengenezewa pale, jeli nyingi zina spiriti na utaruka juu.

Kwa sababu hiyohiyo ya spiriti, jeli iache ikauke kabisa kabla hujakaa karibu na sigiri au kuwasha sigara. Usiifunike na nailoni. Ointimenti, ile nzito ya mafuta, unaweza kuiwekea chachi safi juu ikiwa karatasi ya ndani inaruhusu.

Mara ngapi kwa siku? Nyingi ni mara 2 mpaka 3, zingine mpaka 4, fuata karatasi ya tyubu yako. Shika ratiba ya vitu unavyofanya tayari: asubuhi ukioga, mchana ukila, usiku ukilala. Nawa mikono tena ukimaliza.

*Umefaulu kama:* baada ya dakika chache ngozi ina utando mwepesi tu, haina tope jeupe, na maumivu hayajazidi kuliko kabla ya kupaka.

## Hatua ya 6: Mambo yanayofanya nusu ya kazi ya dawa

Tyubu peke yake ni dhaifu, utafiti uliopo unaonyesha inapunguza maumivu lakini si muujiza. Hivi vingine vinasukuma.

Inua. Mguu uwe juu kuliko moyo, yaani umelala na mito miwili chini ya kisigino na shavu la mguu, siyo kukaa kwenye kiti na mguu kwenye stuli, huko bado uko chini. Nusu saa mara tatu kwa siku, na usiku wote kama unaweza. Mkono unaweka juu ya mto kifuani.

Tembea. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu ya damu ya mguu, ukilala kitandani wiki nzima damu inatuama na unajitafutia bonge lingine. Kutembea uani kila saa kunatosha. Kwa mwanaboda, shuka kwenye pikipiki utembee kati ya abiria, kukaa umekunja goti siku nzima pale steji hakusaidii mguu wenye verikosi.

Bandeji ya kuvutika funga kuanzia vidoleni ukipanda, ibane chini na ilegee juu. Vidole vikiwa baridi, vikifa ganzi au kubadilika rangi, fungua. Soksi za kubana ni nzuri kwa verikosi lakini mwenye kisukari, mvutaji sigara wa miaka mingi au mtu ambaye miguu huwa baridi na kuuma akitembea apimwe mzunguko wa damu kwanza.

Na kuhusu maji moto. Jajja (bibi au babu) atakuambia ukandwe na taulo la moto, na hapo ana nusu ya haki. Kitambaa cha uvuguvugu kilichowekwa tu juu ya mshipa wa kanula, dakika 15, kinatuliza maumivu. Kilichowekwa, nasema, siyo kukanda. Na mguu uliovimba mzima ambao hujajua ni nini usiukande hata kwa taulo la moto wala kwa mafuta ya mtume. Kama tyubu yako ni ile ya kupasha joto usiweke kitambaa cha moto juu yake, utaungua ngozi.

## Hatua ya 7: Endelea, na ufuatilie kwa picha

Hapa ndo wanaoacha siku ya pili wanapotea. Mshipa wa kanula kwa kawaida huanza kutulia maumivu ndani ya siku chache, joto linapungua, lakini ile kamba ngumu hukaa wiki kadhaa, saa zingine zaidi. Kamba kubaki bila maumivu si kushindwa kwa dawa, mwili unaisafisha taratibu. Acha kupaka maumivu yakiisha, kwa kawaida ndani ya wiki moja au mbili, huhitaji kusubiri kamba iishe.

Damu iliyovilia inabadilika rangi na mara nyingi inaisha kama wiki mbili. Kwenye ngozi nyeusi unaona weusi wa zambarau ukigeuka kahawia, kijani na njano mara nyingi hutavikuta. Doa jeusi linaweza kubaki miezi, na hapo heparini haina kazi tena. Tafadhali usilifukuze na krimu ya kuchubua, utaishia na matatizo mawili.

Piga picha kila baada ya siku mbili, mwanga uleule wa mchana, futi pembeni. Kumbukumbu ya mtu anayeumwa ni mbovu, picha hazibishani. Mguu pima na futi kila asubuhi kabla hujatembea sana.

*Unafaulu kama:* mpaka wa biro haujavukwa, mgongo wa mkono hausikii tofauti kubwa ya joto, unaweza kugusa pale bila kuruka, na namba za futi hazipandi.

*Haujafaulu kama* siku ya tatu bado maumivu yaleyale au yamezidi, mstari umerefuka, au kamba mpya imetokea mahali pengine ambapo hapakuchomwa sindano. Mishipa inayovimba yenyewe, leo hapa kesho pale, inahitaji daktari atafute sababu, usinunue tyubu ya pili.

## Acha mara moja na uende

Vipele vinavyosambaa, malengelenge, uso au midomo kuvimba, damu puani au kwenye fizi bila sababu, madoa madogo mapya ya damu chini ya ngozi. Osha dawa yote kwa sabuni, beba tyubu na boksi lake, na karatasi uliyoandikia namba za futi, mwonyeshe daktari pamoja na zile picha. Mwambie pia kila dawa unayotumia, na za kienyeji, hata za kunywa za mizizi, bila kuficha.

## Kuhifadhi tyubu

Nyingi zinataka chini ya nyuzi 25 au 30. Kwenye dashibodi ya taksi Arua mchana wa Februari si mahali pake, wala juu ya friza. Kabati la chumba cha kulala, mbali na dirisha, mbali na watoto, linatosha. Andika kwa biro tarehe uliyofungua. Kifuniko kibane mpaka mwisho, mdomo wa tyubu usiuguse kwenye ngozi ukikamua, na usimwazime jirani: yeye hajapima mguu wake.